Utoto wa Shujaa Wetu

Leo nimefungua kitabu kipya cha katuni hapa Musoma, na harufu ya wino imenirudisha Nyamuswa, kwenye magunia ya mtama tulikokaaga watoto watano kumsikiliza dada yangu akitusomea habari za shujaa wetu. Vitabu havikusema alikuaje, kwa hiyo dada alitutungia: alifiwa na mama mapema, akalelewa na bibi yake, kama sisi wawili.

Kisha likaja toleo la utoto wake. Lilimpa jumba la kifahari na baba tajiri aliyemnunulia zile nguvu zake za ajabu.

“Kumbe ulikuwaga unatudanganya,” mtoto wa jirani akamwambia dada.

Nilimrukia nikamng'ata bega. Dada alikisoma kitabu hadi mwisho, halafu akasema, “Aliyeandika hiki hamjui kabisa.”

Tulikichana sote, hata yule niliyemng'ata, tukakitupa jikoni motoni. Bibi akauliza tunachoma nini. Dada akamweleza, sauti bado imejaa hasira.

“Sasa huko kwa matajiri,” bibi akauliza, “ushujaa alifundishwa na nani?”

Akasukumia kuni ndani.