Kiingereza Hakibebwi

Pasi ya mkaa ikigusa kitambaa kilichonyunyiziwa maji hutoa harufu yake ya pekee, nusu moshi nusu mvuke. Nikiisikia, hata leo, najikuta nimerudi barazani kwa Mama Mdogo, mtaa wa Biwi, Lilongwe, nikiwa na miaka kumi na mitano na daftari la hesabu mapajani. Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu, alikuwa fundi cherehani aliyetoka Bukavu, na mdomo wake ulikwenda mbio kuliko sindano yake. Alinipokea kwa sababu shule yangu ya sekondari ilikuwa mjini, na wazazi wangu walikuwa kambini Dzaleka, ambako ukitaka kufika mjini unaomba ruhusa kwanza, kisha unangoja matola, zile pikapu za abiria, ambazo haziondoki mpaka zijae.

Niwaambie mapema, msije mkanihurumia bure: nilikuwa mtoto mwenye akili, na nilijijua. Ambao hawakujua, niliwajulisha.

Kosa hilo la kujiona nililirithi. Baba alikuwa amefundisha hesabu Bujumbura miaka mingi kabla vita havijatutoa. Dzaleka hakuwa na darasa wala ubao, lakini ualimu haukumtoka. Alipita kati ya nyumba za udongo amevaa koti lake la kahawia hata jua likiwa kali, na watu walimwita Prof. Nafasi ya sekondari haikuwa kitu cha kuokota njiani kwa mtoto wa mkimbizi. Nilipoipata mimi, Baba alitembea wiki nzima kama aliyeipata yeye.

Likizo yangu ya kwanza alinikalisha kwenye mkeka, akachora jedwali la masomo yangu yote.

"Sikia, binti yangu. Matematike, makumi tisa. Sayansi, makumi nane. Jografia, makumi saba. Kingereza, ata ukipata makumi mbili, ayina shida. Ile ingine itakibeba. Pursantaje ya mwisho njo banaangaliaka."

Kwetu Bujumbura ndivyo mambo yalivyokuwa. Alama zote zilimwagwa kapu moja, ikatoka asilimia ya jumla, na hiyo ndiyo iliyosema umepita au umebaki. Mimi nilifurahi sana, kwa sababu Kiingereza kilikuwa kimenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Basi tangu siku hiyo kipindi cha Kiingereza nilikaa nyuma kabisa na kufanya aljebra chini ya dawati. Nilikuwa natii agizo la baba, na sijawahi kutii agizo kwa moyo mkunjufu namna ile.

Mtaniuliza: ina maana hakuna aliyenieleza sheria za Malawi? Nadhani zilielezwa mara nyingi. Ila zilielezwa kwa Kiingereza.

Nilikwenda hivyo Fomu ya Kwanza nzima na mihula miwili ya Fomu ya Pili. Mwisho wa muhula wa pili ripoti zilitoka. Hesabu nilikuwa wa kwanza darasani. Kiingereza nilipata ishirini na nane. Nikapiga hesabu ya haraka, nikapata wastani wa sitini na nne, nikatabasamu. Mwalimu wetu wa darasa, tuliyemwita Madam, mama mnene mpole ambaye hakuwahi kupaza sauti, aliliona tabasamu hilo akanibakiza wenzangu walipotoka. Alizungumza Chichewa, lugha ya wenyeji, polepole ili nimwelewe. Alisema mtihani wa taifa wa Fomu ya Pili umebakiza muhula mmoja. Ili kupewa cheti ni lazima nifaulu masomo sita, na Kiingereza lazima kiwe mojawapo. Nikianguka Kiingereza, hata kama mengine yote nimepata mia, cheti hakuna na Fomu ya Tatu hakuna.

Pengine aliona sijaelewa, maana nilikuwa bado naitazama ile ripoti. Akaniuliza: ukiandaliwa ndiwo za kila aina, maharage, kuku, samaki, lakini nsima, yaani ugali, haipo, utasema umekula? Nikajibu hapana. Mtu wa Malawi anaweza kumaliza kuku mzima akasema hajala. "Zikomo," akasema, yaani asante, akachukua mkoba wake.

Safari ya kwenda Dzaleka likizo ile ilikuwa fupi mno, mimi nilitaka isifike. Baba aliichukua ripoti kwa mikono miwili, akapita kwenye tarakimu moja moja, akamwita mama aje aone. Ndipo nikamwambia aliyosema Madam. Aliniangalia kwanza kana kwamba nimemtukana babu yake.

"Uyo mwalimu wako ajue kutafuta moyene? Nitaenda mi mwenyewe." Moyene ni wastani, kwa Kifaransa chake.

Akaomba ruhusa, akavaa koti, tukapanda matola siku shule ilipofunguliwa. Nilitaka ardhi inimeze. Mkuu wa shule alitupokea vizuri, akasikiliza Kifaransa cha Baba bila kuelewa neno, akampa karatasi moja iliyopigwa chapa: masharti ya mtihani. Tukatoka nje tukakaa kwenye benchi. Baba akaishika karatasi, akaitazama juu mpaka chini, kisha akanipa.

"Soma."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Yeye Kiingereza hakukijua hata kidogo, na mimi nilikijua kwa ishirini na nane. Nikasoma kwa kusuasua, neno nisilolijua naliruka, nalirudia, naliuliza kwa wanafunzi waliopita. Ilichukua muda mrefu. Nilipomaliza ile mistari michache, maneno yalikuwa yale yale ya Madam. Baba akatazama uwanja ambapo watoto walikuwa wanafagia. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona amezeeka.

"Basi mi njo nilikosa," akasema. "Si we. Mi."

Nililia pale pale kwenye benchi, na sikuwa nalia kwa sababu ya mtihani.

Tangu hapo akabadilisha mpango wote. Alinichorea jedwali jingine kwenye kipande cha boksi, masomo sita, kila moja na mstari wake, na chini hakuweka jumla. Kila Jumapili nilitakiwa kujaza: somo hili limesimama, hili linayumba. Kisha akafanya jambo ambalo watu wa Dzaleka walilicheka mpaka wakachoka: alianza kuniandikia barua kwa Kiingereza. Alikopa kamusi, akaandika ukurasa mzima kila wiki, akampa yeyote aliyekuja mjini. Sharti lilikuwa moja. Niisahihishe kwa wino mwekundu, nitie alama, niirudishe. Ya kwanza nilimpa tatu juu ya kumi. Mama Mdogo aliachia cherehani akashika kiuno.

"Mungu wangu! Mutoto anapatia baba yake tatu! Bantu ba Bukavu bakisikia ibi, batasema tulikunywaka nini uku Malawi?"

Lakini alinikataza kuongeza hata alama moja ya huruma. Na ili kumsahihisha Baba ilinibidi nijue, kwa hiyo nilirudi mbele darasani, nikamganda Madam mpaka akawa ananiona kwa mbali na kucheka.

Matokeo ya mtihani wa taifa yalibandikwa ukutani shuleni. Hesabu, A. Sayansi, B. Nilishuka na kidole mpaka kwenye Kiingereza: D, alama ya chini kabisa ya kufaulu. Nilikuwa nimepita.

Jumapili iliyofuata Baba alitangaza matokeo mbele ya watu wote baada ya ibada kambini, kama tulivyozoea kwetu, ambako mwalimu husimama na kusoma alama za watoto wazazi wakisikia. Nilisimama pembeni nimenyoosha shingo, nikiingoja ile A. Baba akafungua karatasi.

"Kingereza," akasema kwa sauti ya darasani. "D!"

Watu wakatazamana. Wachache wakapiga makofi ya adabu. Akasoma tena, kwa nguvu zaidi, D, na akafika kwenye hesabu mwishoni kabisa, kwa haraka, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Nilikasirika. Nilidhani ananiaibisha mbele ya kambi nzima.

Leo mimi mwenyewe ni mwalimu, na nimesoma alama za watoto wengi mbele ya wazazi wao. Najua sasa kwa nini sauti yake ilipanda pale na si kwenye A. Hesabu nilizaliwa nazo, alinipa yeye. Ile D hakuna aliyetupatia, tuliitafuta wawili. Alipoisoma mara mbili, mara ya kwanza alikuwa ananisomea mimi, na mara ya pili alikuwa anasoma matokeo yake mwenyewe.