Damu Iliyozikwa Kwenye Barafu

Mdogo wangu alikuwa akitokwa na damu puani tangu utotoni, na hedhi ilimlaza kitandani kila mwezi. Shangazi zetu wa mtaa wa Mangobo, ambao midomo yao haina likizo, walisema amelogwa. Daktari mpasuaji naye akasema bandama yake inakula chembe zinazogandisha damu, kwa hiyo itolewe. Mimi nasoma biolojia hapa Kisangani, nikamwambia huenda bandama haina kosa. Akaendelea kujaza karatasi ya upasuaji.

Profesa mmoja wa kwetu, anayefanya kazi Ulaya, alikuja kufundisha kwa muda mfupi. Alikuwa na kichupa cha protini aliyoibuni mwenyewe kwa utafiti wake. Kazi yake ni moja tu: kung'ang'ania kipokezi fulani, ile ndoano ambayo chembe hizo hutumia kushika mshipa uliokatika. Ilitiwa rangi inayong'aa. Chembe ziking'aa, ndoano ipo. Zikibaki giza, haipo, kosa ni la chembe zenyewe, na kutoa bandama ni kumchinja mtoto bure. Nilimbembeleza hadi akakubali. Kichupa kilitosha kipimo kimoja. Daktari alinuna, lakini akasema atasubiri jibu.

Damu ilitolewa hospitalini, na maabara iko chuoni, mbali. Papa alikataa kumkabidhi dereva wa moto, yaani pikipiki, damu ya binti yake, akapanda nyuma na kuibeba mwenyewe. Papa ni mvuvi, anauza samaki, na maisha yake yote amepigana na joto. Muuguzi alikuwa amemwambia damu isipigwe na jua. Basi akapitia sokoni, akanunua barafu, akaizika chupa ya damu humo.

Profesa alichanganya vitu vyake, akaangalia kwenye mashine, uso ukamkunjamana. Chembe zilikuwa zimegandamana, rangi imetapakaa ovyo, hapakuwa na cha kusoma. Akauliza damu ilisafirije. Papa alijibu kwa fahari.

"Docteur, niliweka yayo mu glace ya mingi, juu isioze."

Chembe hizi huharibiwa na baridi. Zinataka joto la kawaida la chumba. Profesa alimweleza Papa hivyo mbele yetu sote, polepole, bila chembe ya huruma, kisha akaenda kufunga sanduku lake la safari. Nilimchukia. Nilimchukia na Papa.

Bandama ilitolewa juma lile lile. Mdogo wangu alivuja damu mpaka akafa. Daktari alituambia bandama yenyewe ilikuwa nzima.

Matanga yalipokwisha, Papa alikaa mlangoni, akaniuliza:

"Kama singetia glace, mutoto angekuwa muzima?"

Mama alinitangulia kujibu. "Ndiyo," alisema. "Ni weye ulimuua."

Daktari yule angeweza kupasua hata kama jibu lingekuja safi. Kusubiri aliahidi, kutii hakuahidi. Mama alilijua hilo, maana nilimweleza mwenyewe, lakini daktari hakai nyumbani kwetu.