Springi za Mustang ya Mansour

Miaka ishirini na tatu Mansour ameendesha basi ughaibuni, huko Lewisham, na hakuna shimo la barabara za kule ambalo mgongo wake haulijui. Mpemba huyu, mrefu, mwingi wa haya. Mgongo ukimuuma hasemi, hutafuta ukuta akaegemea. Muulize, "Mzima?" atakujibu, "Mzima, alhamdulillahi," na jasho linamtoka.

Starehe yake duniani ni moja: Mustang ya mwaka sitini na tisa, nyekundu, silinda nane. Lakini springi za nyuma zilikuwa zimechoka kama mwenyewe. Gari limekaa kama kuku anayeatamia, na kila tuta linampiga kiunoni. Mwezi uliopita alilipeleka matembezi ya saa moja tu, akalala kitandani siku tatu. Haifa, mkewe, akamwambia, "Baba Ameir, ukilala tena kwa ajili ya gari hili, tunaliuza." Na Haifa hana desturi ya kusema mara mbili.

Basi Jumamosi wakalivuka jiji zima, saa mbili za foleni, mpaka gereji ya Ajay nyuma ya stesheni ya Rayners Lane. Haifa alikuwamo kwa sababu ana sufuria la pilau la kupeleka kwenye hitima karibu na hapo. Ajay, mzaliwa wa Kisumu, akaweka mezani springi za namna mbili: fupi na ngumu, za watu wa mashindano, na nyingine ndefu kidogo, laini, pamoja na shokapu zake.

"Zile fupi," Mansour akasema bila kuzigusa. Ndizo alizoziota tangu ujana. "Nataka lilale chini."

"Sawa, kaka. Lakini mimi sipimi gari tupu. Gari tupu ni kama bwana harusi, linaahidi kila kitu. Ingieni vile mnatembeaga."

Wakaingia. Haifa akapakata sufuria lake. Ajay akainama na utepe wa kupimia kwenye gurudumu la nyuma.

"Vidole viwili tu vimebaki kati ya tairi na bodi! Na mko watu wawili."

"Na mke mwenza," Haifa akasema, akilipiga sufuria kofi.

"Ngumu hazibonyei," Mansour akajitetea. "Ndiyo raha yake."

"Kweli, hazibonyei. Atakayebonyea ni mtu. Mgongo uko aje?"

"Mzima."

Haifa alikuwa akitazama dirishani. Akasema polepole, bila ukali, "Mwambie basi kwa nini huendi tena msikitini."

Nanyi msomao mnajua, mwanamume wa Kipemba hapendi jambo kama hili litoke nje. Tangu baada ya Idi, Mansour alikuwa akisali nyumbani, juu ya kiti, mlango umefungwa, kwa sababu akisujudu hawezi kuinuka. Hakutaka watu wa safu yake wamuone.

"Nasali kwa kiti," akasema hatimaye, sauti imechoka kabisa.

Ajay hakucheka wala hakumpa pole. Alizirudisha springi fupi kwenye boksi lake, akalifunga.

"Hizo laini, gari litasimama juu?" Mansour akauliza.

"Kidogo. Kama mbuzi amesikia mlango ukifunguliwa."

"Watanicheka."

"Watakucheka ukipita, kaka. Mgongo ukikushinda ukaliuza, utapita na nini?"

Mansour akaushika usukani kwa mikono miwili. Mvuke wa pilau ukatanda kwenye kioo cha mbele. Haifa hakumharakisha, naye amechoka, miaka hiyo yote anausikiliza mgongo wa mtu mwingine usiosema.

"Haya. Weka laini."

Akafungua mlango ili ashuke, mguu mmoja ukatoka, wa pili ukakataa. Ajay akaufuta mkono wake wa grisi kwenye suruali, akamnyooshea. Mansour akautazama ule mkono, akamtazama mkewe, kisha akaushika.

"Vuta," akasema. "Lakini taratibu. Mgongo unauma."