Mzabibu Usiofunikwa

Shemeji yangu Orrin Tollefsrud alifuga ng'ombe wa maziwa kwa sababu baba yake alifuga. Roho yake ilikuwa kwenye zabibu. Huku Minnesota mzabibu mtamu ni wa kubembelezwa kama mtoto mchanga: kila Oktoba unaulaza chini na kuufukia baridi isiuue, Aprili unaufukua. Orrin alichoka kufukua. Akachukua zabibu mwitu za mtoni, kali za kukunja uso, akazichanganya na zile tamu, akapanda mbegu mwaka hadi mwaka. Mche uliokufa kwa baridi aliung'oa, akapanda mwingine.

"Orrin, divai yako ya mwaka huu ni kali ya kutoa kutu kwenye chuma," mume wangu alimwambia mezani.

"Basi kunywa, mdogo wangu, labda kichwa kitang'aa."

Uzeeni ukabaki mti mmoja, mtamu kweli, aliokuwa bado akiufunika. Alitaka kujua jambo moja tu kabla hajafa: je, utahimili baridi bila kufunikwa? Njia ya kujua ni kuuacha wazi. Lakini vuli hiyo moyo ukamsumbua, akapelekwa hospitali, kisha kwa binti yao mjini akauguzwe.

"Usiuguse," alimwambia mkewe, Ardis. "Ukifa, ufe."

Ardis aliugusa. Kabla ardhi haijaganda aliulaza, akaurundikia majani makavu na udongo. Theluji ilipoyeyuka, mumewe hajarudi bado, akausimamisha tena kwenye waya.

Orrin akarudi, akashika wembe. Tulimzunguka akipasua chipukizi. Ndani kijani, hai. Jingine, kijani. Mzee akalia, machozi na kamasi. Akaupa mti jina la mkewe, akagawa vipandikizi kanisani kama pipi. "Msifunike!" alimwambia kila mtu. Ardis alikuwa akimimina kahawa, hakuinua macho.

Baridi iliyofuata ilikuwa ile ya kupasua magogo. Safari hii Orrin alikuwa nyumbani, anauchungulia mti wake dirishani. Ilipokwisha, kila chipukizi alilopasua lilikuwa la kahawia, limekufa. Majirani nao wakaanza kuja kuuliza mbona vipandikizi vyao vimekufa.

"Sielewi," alituambia jikoni. "Mwaka jana ulipona. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea," Ardis akasema. "Niliufukia."

"Nini?"

"Niliufukia, Orrin. Ulikuwa unakufa wewe. Nilitaka ukirudi ukute kitu kiko hai."



"Ungeniacha nijue," Orrin alisema taratibu. "Saa hizi ningekuwa na mbegu nyingine ardhini."

Hakumfokea. Afadhali angefoka. Juni mizizi ikatoa machipukizi, Ardis akamkimbilia kumwita. Orrin akaja na jembe, akalichimbua shina lote, akalitia moto.

Aliishi hadi Septemba. Kila alipowekewa sahani alimwambia mkewe asante, kwa adabu, kama mpangaji.