Video ya Kumtuliza Koko

Kila mwaka baridi ikianza, hita yangu ya zamani ikiwashwa kwa mara ya kwanza hutoa harufu ya vumbi linaloungua. Mume wangu hukimbilia kufungua dirisha. Mimi husogea karibu, nikanusa, na mara niko Fairfield, kitongoji cha Sydney, nina miaka tisa, shule zimefungwa kwa likizo ya Julai.

Ndiyo, Julai. Uliyekulia kwingine utanisamehe. Sydney baridi huja wakati huo, na nyumba tuliyopanga ilikuwa na kuta nyembamba hata tulikula tumevaa makoti. Mimi na mdogo wangu Neema tulishinda chini ya blanketi moja tukigombania tableti, mpaka Mama arudi kutoka kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi.

Likizo ile Mama alinunua simu yenye kamera nzuri, ya kwanza maishani mwake. Alikuwa akimfikiria mtu mmoja tu: Koko, mama yake, ambaye tulimwacha kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma kwa sababu faili lake la kuhamia huku lilikuwa bado halijapita. Habari zilizotufikia kupitia simu ya mchungaji wao hazikuwa nzuri. Koko halali, Koko hagusi chakula, anasema wajukuu zake wanateseka ugenini. Mama akaamua kumtuliza kwa video.

Mnazijua video zetu za salamu. Mtu havai nguo za kila siku. Anavaa za Krismasi, na ikiwezekana anafungua friji ionekane. Basi asubuhi moja ya jua lisilo na joto, Mama alituvua makoti, akatuvalisha magauni ya mikono mifupi na sandali nyeupe, akatusimamisha uani penye mwanga.

"Mum, it's freezing!" Neema akalalamika.

"Cheka kidogo. Koko anakuangalia."

Tukacheka. Meno yaligongana, macho yalitoka machozi, na salamu niliyoikariri ilitoka vipande vipande. Mama alirekodi mara tatu, akaridhika, akatuma.

Kesho yake ilikuja sauti ya Koko, imejaa kilio. "Batoto banatetemeka! Macho mekundu! Hiyo ni malaria, mutoto wangu. Juu ya nini haubapeleke ku dispensaire?" Wamama wa kanisa walikuwa wameshaanza kufunga kwa ajili yetu.

Mimi na Neema tulicheka mpaka tukaanguka kwenye kochi. Mama hakucheka. Aliketi jikoni na sare yake ya kazi, akafunika uso kwa mikono, nami nikaona aibu bila kujua kosa langu.

Jioni aliturekodi tena, akatuacha tulivyo: makoti, soksi mbilimbili, blanketi, hita mbele yetu. Nilieleza kwa Kiswahili changu cha kubabaisha kwamba ni baridi tu, na kwamba tunakula, nikaonyesha na sufuria ya ugali.

Safari hii Koko alijibu akicheka. Alisema amekula na atalala. Halafu akaongeza: "Bajukuu nimebaona. Sasa mutoto wangu mimi iko wapi? Munionyeshe yeye."

Nikapitia video zote kwenye simu. Mama hakuwemo hata katika moja. Nilipotaka kumrekodi alikataa: amechoka, uso haufai, nywele hazijasukwa. Nilidhani ni maringo. Sasa nami nina binti, na kabla ya kumpigia Mama simu ya video hunawa uso na kusogeza vyombo vichafu pembeni, ndipo najua Mama alikuwa akiogopa nini: kuna mtu mmoja duniani ambaye angemtazama mara moja tu na kujua jinsi anavyoteseka.

Jioni ile nilimbembeleza mpaka akakubali. Alikaa kitini, akanyoosha kola ya sare, akaangalia kamera kwa muda mrefu. Hotuba aliyoiandaa ikampotea. Alisema neno moja tu, "Mama," kwa sauti ileile ambayo Neema alikuwa akimwita nayo akianguka.