Kamanda Alikuja Kombani

Miaka sita nimekana. Nimemkania mama, nimemkania jirani yangu Mwanasha, na nimejikania mwenyewe mbele ya kioo, mimi mwalimu mwenye shahada mbili ninayeandika magazetini kwamba mizimu ni uvivu wa kufikiri. Leo nakiri. Mbwa wetu Kamanda alikuja kwangu Kombani mchana kweupe, siku ambayo hakuwa na uwezo hata wa kusimama. Ukitaka kucheka, cheka sasa. Nitangoja.

Kamanda alikuwa mbwa wa baba. Baba alimleta shambani kwetu Kinondo ndani ya kikapu, awafukuze nyani waliokuwa wakitumalizia mahindi. Baba alipofariki, mbwa akabaki kwa mama. Miaka kumi na minne mama hakumgusa hata kwa ncha ya kidole. Mate ya mbwa ni najisi, huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mama ana magoti mabaya. Lakini alizungumza naye kutwa! Alimwekea wali kwenye kifuu, akasimama mbali kidogo, akamsimulia habari za majirani, habari ambazo mimi, mwanawe wa kumzaa, nilizipata zimeshapoa.

Wa kumgusa nilikuwa mimi. Kila nilipokwenda Kinondo, Kamanda alilaza kidevu chake juu ya mguu wangu, sikuzote wa kushoto. Nami kila mara nikaenda kuosha, mara saba, nikinung'unika.

Jumatano moja mama akapiga simu.

"Kamanda hainuki. Njoo umuage."

"Mama, mbwa haagwi."

"Amekataa kula, amekataa kufa. Anakungoja wewe."

"Amekwambia?"

"Usiniletee chuo kikuu chako hapa. Njoo!"

Nikasema nitakuja Jumamosi. Nilikuwa na makala ya kumaliza, na makala yenyewe, Mungu anisamehe, ilihusu umuhimu wa familia.

Kesho yake, adhana ya alasiri ikisikika, nilikuwa nimetoka kutawadha uani. Miguu ilikuwa imelowa na kushika ule udongo mwekundu wa Kombani. Nikasimama barazani kujipangusa, mara nikahisi uzito juu ya mguu wa kushoto. Nikatazama chini. Kamanda. Sikio ni lile lililoraruliwa na nyani, macho ni yale yaliyoingia ukungu.

Niliogopa? Niamini, hata kidogo. Nilikasirika. Kutoka Kinondo ni mwendo wa kubadilisha gari Ukunda, kwa hiyo nilijua moja kwa moja kwamba mama amemtafutia mtu mwenye gari, amemlipa, amempakia mbwa mgonjwa na kuniletea mlangoni, ili mradi ashinde yeye. Na mimi nimeshatawadha!

"Kamanda," nikamwambia, "nenda nyumbani ukalale. Umenichosha."

Akainua kidevu. Akanitazama kidogo, vile alivyokuwa akimtazama mama anapoanza kusimulia, kisha akazunguka pembe ya nyumba. Nikamfuata nimwone huyo dereva nimpe yake. Hakukuwa na gari. Alikuwepo Mwanasha tu, anakaanga bajia.

"Mwanasha, nani kamleta huyu mbwa?"

"Mbwa gani?"

"Huyu aliyepita sasa hivi!"

"Dada, hapa kapita kuku wa mwenye nyumba, halafu wewe. Ni jua hilo. Kunywa maji."

Nikachota udongo, nikaanza kuosha mguu. Mwanasha akanihesabia kwa sauti ili wateja wake wasikie. Alipofika tano akasema, "Mwalimu ana bidii jamani, anaosha mate ya mbwa ambaye hayupo!" Wakacheka. Sikumwambia kwamba mguuni mlikuwa na utelezi, na maji ya kutawadhia hayatelezi.

Magharibi mama akapiga simu. Kamanda amekufa.

"Saa ngapi?"

"Alasiri. Hukuja."

Neno hilo nimelila miaka sita. Nikichelewa Idi, "hata kwa Kamanda hukuja." Nikisahau dawa zake za magoti, "ndiyo wewe, hata kwa Kamanda hukuja." Ningeweza kujitetea kwa sentensi moja tu, kwamba mimi sikwenda lakini yeye alikuja. Ningeisemaje, na uso huu ambao watu wameuona magazetini? Na mpaka leo, alasiri ikiingia, mguu wangu wa kushoto huwa mzito. Daktari wa Ukunda amenishauri nipunguze chapati.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiitwa kumuaga mbwa, nenda. Usiulize amesema nani. Usipokwenda yeye atakuja, na utamjibu lolote litakalokujia mdomoni.

Wiki iliyopita mama akapiga tena. Nyani wamerudi, amepewa mtoto wa mbwa.

"Utakuja kumwona, au na huyu pia hutakuja?"

Hapo nikachoka kabisa. "Mama, sikuja kwa sababu yeye alikuja!" Nikamwambia yote, baraza, kidevu, Mwanasha na hesabu yake.

Mama akauliza swali moja tu.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia aende nyumbani akalale. Nikamwambia amenichosha."

"Siku nne nilimbembeleza. Lala, baba, lala. Hakulala. Siku ile adhana ilipokwisha akashusha pumzi, akafumba macho, mwenyewe tu. Nilipokwenda kumfunika kwa leso, nikaona kidevu chake kimejaa udongo mwekundu. Na hapa kwetu ni mchanga mweupe mtupu, wajua."

"Mama! Umejua miaka yote hii?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikauliza swali la kipumbavu, kama ule udongo alizikwa nao.

"Azikwe mchafu? Nilimpangusa."

"Ulimpangusa na nini?"

"Kwa mkono wangu, kwa nini kingine? Kisha nikainama na magoti yangu haya, nikaosha mara saba."