Mkunjo wa Mabawa

Mimi humlisha shangazi yangu Ngoan wali kwa kijiko, maana mkono wake wa kulia hauna vidole na wa kushoto haunyooki. Watu wa kijiji chetu cha Kim Long huja kumtazama kama maonyesho, nami huwafukuza kwa ufagio. Wakitaka kujua, waniulize mimi. Simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alikuwa mtengeneza tambuu wa Bibi Thuc, suria aliyependwa na mfalme kuliko malkia mwenyewe. Waliotaka vyeo walipitia mlango wa suria huyo, na waliompinga walichapwa uani mpaka migongo ikachanika. Malkia alikuwa na mwana, na Bibi Thuc alikuwa na wake, mtoto mdogo bado. Fahali wawili hawakai zizi moja, na majike ndiyo kabisa.

Katika kasri lile, jani la tambuu la malkia hukunjwa kwa mabawa mawili, kama ndege. La masuria hukunjwa bapa. Siku mfalme alipoahidi, akiwa mgonjwa kitandani, kwamba mwana wa Bibi Thuc ndiye atakayerithi, shangazi alijawa na furaha, mikono ikaitangulia akili. Akalikunja jani la bibi yake kwa mabawa. Sinia likapita mbele ya towashi wa malkia.

Kabla ya adhuhuri alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Walimpiga kwa henzirani mpaka damu ikamrukia mpigaji usoni. Towashi alitaka neno moja tu: kwamba bibi yake ndiye aliyeagiza. Huo ungekuwa uhaini, kujitwalia heshima ya malkia, na mama na mtoto wangenyongwa pamoja.

"Mtaje tu, dada," alimbembeleza. "Leo hii utakula wali kwenu."

"Mikono ni yangu," shangazi alisema. "Na upumbavu ni wangu."

Wakamvunja mbavu. Wakaupondaponda mkono wa kushoto. Hakumtaja.

Ndipo Bibi Thuc akaja mwenyewe. Shangazi anasema alijua ameokoka, kwani aliyefika ni mwenye sauti kwa mfalme. Lakini bibi alimkabili towashi.

"Mnasema mimi nilimtuma huyu mjinga?" aliuliza. "Nipeni kisu cha popoo."

Akaukandamiza mkono wa kulia wa shangazi juu ya sinia, akakata kidole baada ya kidole, mbele ya wote, hadi vikaisha. Kisha akajifuta, akaenda kukaa na mfalme. Nani tena angesema walikula njama? Mashtaka yakafa pale pale. Leo mwanawe ndiye anayetawala.

Juzi nilimuuliza shangazi kama hajuti. Nilitaka amlaani yule mwanamke, nami niitikie.

"Sijuti. Ningemtaja, mtoto angekufa," alisema. "Ila bibi angeniangalia tu, mwanangu. Wakati wote ananikata, hakuniangalia hata mara moja."